Kompyuta inakataa kuingia domeni? Usipige formati bado

Windows inaposema haikuweza kufikia domeni (kundi la kompyuta za ofisi linalosimamiwa na seva), usiguse diski. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, kisha tafuta mstari mmoja tu: Serveurs DNS, yaani seva zinazogeuza majina kuwa anwani. Mashini nyingi za Lubumbashi zinaongea Kifaransa, kwa hiyo ndivyo utakavyouona.

Ukikuta 8.8.8.8 (DNS ya Google), au anwani ya ruta kama 192.168.1.1, umeshaugundua ugonjwa. Kompyuta huiuliza DNS: ni seva gani inashika domeni hii? Jibu hilo, yaani rekodi za SRV, liko kwenye DNS ya ofisi peke yake. Google haiijui domeni yenu, tuseme inaitwa ofisi.local. Weka IP ya seva ya domeni iwe DNS ya kwanza. Ya pili? Wengi huweka 8.8.8.8 "kwa usalama", na hapo ndipo mtego ulipo: seva ikichelewa kujibu, Windows inamwendea yule wa pili, inaambiwa jina halipo, nayo inaamini. Weka seva yenu ya pili ya domeni, na kama hamna, acha wazi. Intaneti haitakatika, mradi DNS ya seva imepangwa kupeleka nje maswali isiyoyajua. Na kama ni ruta inayogawa anwani hizo, rekebisha kwenye ruta, la sivyo kesho utarudia kazi hii kwenye mashini nyingine.

Pima hivi:

nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.local

Lazima urudishiwe jina la seva na porti (mlango wa mtandao) 389. Usiporudishiwa, kosa 0x0000232B litakungoja tu. Andika jina zima, ofisi.local, jina fupi OFISI mara nyingi halivuki VPN (njia ya faragha kupitia intaneti) ya kwenda Kinshasa. Kwenye VPN hiyo, ping kujibu si ushahidi. Porti 53, 88, 135, 389, 445 na zile za juu, 49152 hadi 65535, ziwe wazi. Kwa zile za TCP, amri ya PowerShell Test-NetConnection itakuambia.

DNS ikiwa safi, tazama saa. Kerberos, mfumo wa domeni wa kuthibitisha nani ni nani, kwa mpangilio wa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya kompyuta na seva. Kwetu kosa hili lina asili yake: Kinshasa ni UTC+1, Lubumbashi ni UTC+2 (UTC ni saa ya pamoja ya dunia). Mashini iliyoandaliwa Kinshasa ikifika huku, mtu anaona iko nyuma saa nzima. Anazima saa ya kujipanga yenyewe, anasogeza kwa mkono. Kwenye skrini yote sawa, lakini ndani UTC imekimbia dakika 60 mbele, na Kerberos inahesabu UTC. Chagua ukanda wa Harare, Pretoria, kisha urudishe saa ya kujipanga. Saa ikirudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, badili betri ya CR2032 kwenye bodi. Ni volti 3, bei ndogo.

Neno la siri nalo lina vituko vyake. Mashini iliyopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ina kibodi ya QWERTY, ile okazyo (mtumba) ya Ubelgiji ina AZERTY, na Windows huenda inadhani kibodi ni nyingine kabisa. Andika kwanza neno la siri kwenye nafasi ya jina la mtumiaji, uione A ikigeuka Q kwa macho yako, kisha ufute. Ila angalia asiwepo mtu nyuma yako.

Toleo la Windows liitwalo Famille (Home) haliingii domeni kamwe, hata ufanye nini. Linatakiwa Pro.

Umeirudisha mashini kwenye domeni kwa jina lake la zamani na kosa ni 0xaac? Tangu sasisho la Oktoba 2022, Windows inaweza kukuzuia kutumia tena akaunti ya kompyuta iliyoundwa na mtu mwingine. Msimamizi aifute ile ya zamani, au upe jina jipya lisilozidi herufi 15. Mtumiaji wa kawaida naye, kwa mpangilio wa asili, anaingiza kompyuta 10 tu. Ya 11 inagoma.

Kama bado, fungua C:\Windows\debug\NetSetup.LOG. Soma kuanzia chini.