Mbili kati ya saba

Mpwa wangu alikuwa anatafuta karatasi za kuchorea, akachomoa daftari kwenye droo ya chini. Limejaa namba tu: 2, 3, 2, 2, 4. "Shangazi, hawa ni wanafunzi wako? Mbona wamefeli hivi?" Nikamwambia si wanafunzi, nikamchania kurasa za nyuma akachore meli.

Ni daftari la enzi zangu za Kirumba, hapa Mwanza, za kushinda na hedifoni masikioni nikipima vikao vya ushauri nasaha. Kazi ilikuwa hivi. Unapewa kipande cha dakika chache cha mazungumzo ya mteja na mshauri nasaha wake, unasikiliza, unaandika namba kuanzia 1 mpaka 7. Kipimo chenyewe, kwa Kiingereza Experiencing Scale, kilitokana na mawazo ya Eugene Gendlin, aliyefanya kazi na mwanasaikolojia Carl Rogers kule Marekani, na Marjorie Klein na wenzake wakakitolea mwongozo mwaka 1969. Hakiulizi mtu ana huzuni kiasi gani. Kinauliza anaisogelea vipi. Moja, anasimulia kama taarifa ya habari, mwenyewe hayumo. Mbili, yumo kwenye kisa ila hasemi kilivyomgusa. Tatu, anataja hisia, lakini imefungwa kwenye tukio. Nne, anaeleza mambo yalivyomkaa ndani. Zinapanda hivyo hivyo. Saba mimi niliisoma tu kwenye mwongozo.

Sasa kuna kipande kimoja cha mama muuza dagaa. Mvua inapiga bati, sauti yake inapotea na kurudi. Bei ya ndoo imeshuka, mzigo umelowa, vijana wanarudi alfajiri mitumbwi mitupu. Anayasema yote kwa sauti ile ile, tambarare. Halafu, bila kupanda wala kushuka: "Chanja nimezihamisha. Siku hizi naanika upande wa barabara. Ziwani sigeuki." Mshauri akakohoa. Mama akarudi kwenye bei ya magunia.

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena lile neno la mwisho, mvua imelifunika nusu.

Tulikuwa tunapima kila mtu kivyake, kisha tunalinganisha. Mimi 4, mwenzangu 2.

"Dada, hisia imetajwa wapi hapo?"

"Sigeuki, kaka. Mtu anayekula kwa ziwa asiligeukie?"

"Hiyo unaijua wewe kwa sababu umekulia Igombe, kwa wavuvi. Kipimo hakijakulia Igombe."

Msimamizi wetu akamuunga mkono: pima alichosema na sauti aliyosemea, usipime unachokijua wewe. Sikuwa na jibu, na mpaka leo naona alikuwa na haki. Kila mpimaji akiongezea uchungu wa kwao, namba zinakuwa za mpimaji. Lakini sisi watu wa huku tuna tabia ya kumzika mtu kwa kuongelea bei ya jeneza, na wote mle ndani tunaelewana.

Kilichonikaa zaidi ni kipande kingine. Siku chache kabla tulikuwa tumeisikia sauti ile ile ikisema, polepole, inajitafuta: "Nikiangalia maji, hapa pananijaa. Pumzi inafika hapa, haishuki." Hapo sote tuliandika 4 bila ubishi. Ila vipande huchanganywa makusudi, mpimaji asijue kipi ni cha kikao cha kwanza na kipi cha mwisho, maana ukijua utasikia maendeleo hata yasipokuwepo. Kwa hiyo sikujua kipi kilitangulia, chanja au pumzi. Kama chanja zilitangulia, mama alikuwa anafunguka. Kama zilifuata, labda alijifunga. Au labda alishalia yakamwishia, akahamisha chanja zake kwa sababu maisha yanaendelea na dagaa hawasubiri. Kwenye daftari, njia hizo mbili za mwisho zina namba moja.

Utaratibu hauruhusu kubadilisha namba baada ya kulinganisha, kwa hiyo 4 yangu ilibaki ilivyo. Kwenye hesabu za mwisho iliingizwa kama kutokubaliana kwa wapimaji, ikashusha kidogo kiwango chetu cha kukubaliana.