Tundu la tano

"Mama, mbona saa hii haina uso?"

Alikuwa ameshaivaa. Bangili ya bluu ya kitambaa, ina kitufe cha chuma upande wa ndani na waya uliojisokota kama wa simu za zamani, ukimburuzikia nyuma sakafuni. Ameitoa kwenye droo yangu ya chini, ile ninayomkataza kila siku na ambayo kila siku anaifungua.

Nikamwambia si saa, ni kifaa cha kazini, cha kuzuia umeme.

"Usikupige?"

"Hapana. Mimi nisivipige vitu."

Akaniangalia jinsi mtoto anavyomwangalia mtu mzima anayemdanganya, kisha akaondoka nayo.

Sikumdanganya. Mwili wa mtu hujikusanyia umeme tuli kwa kutembea tu, kwa kuvua sweta, kwa kunyanyuka kitini, na mpaka ufike volti 3,000 hivi ndipo ngozi inashtuka. Chipu iliyo kwenye kadi ya swichi, ile mashine inayoziunganisha kompyuta za jengo kwenye mtandao, inaweza kuumia kwa volti zisizofika hata 100. Kwa hiyo unaweza kuiua kadi bila wewe kusikia chochote. Au, na hili ndilo baya, usiiue: uijeruhi tu, ifanye kazi miezi mitatu, halafu ianze vituko ambavyo hakuna atakayekumbuka kukuhusisha navyo. Bangili inakuunganisha na chuma cha chasi, yaani kasha linalobeba kadi za swichi, ili umeme wako ushuke polepole. Kuna kizuizi kidogo ndani yake cha ohmu milioni moja, na hicho ndicho peke yake kilichowekwa kwa ajili yako wewe. Mengine yote ni kwa ajili ya kadi.

Usiku ninaousimulia hapa niliivaa sawasawa. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Tulipewa kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Kazi yenyewe moja tu: kuongeza kadi ya porti 48, yaani nafasi 48 za kuchomekea nyaya, kwenye chasi ya matundu saba. La kwanza na la pili yalikuwa yamejaa. La tatu na la nne yana kadi kuu mbili, moja inaongoza, nyingine imekaa pembeni ikisubiri mwenzake aanguke. La tano, la sita na la saba yamefunikwa kwa mabamba matupu, yale ambayo wageni wa chumba cha seva hudhani ni pambo. Si pambo. Ukiyaacha wazi, hewa ya feni inatorokea hapo hapo badala ya kupita juu ya kadi zinazochemka.

Swichi haikuzimwa. Kadi hizi huingizwa mashine ikiwa inafanya kazi, watu wanaendelea na shughuli zao na hawajui kuna mtu ameushika mtandao wao kwa vidole gumba viwili.

Mzee, fundi mwenzangu wa siku nyingi kazini, akasema, "Tuiweke la sita."

"Karatasi ya kazi inasema la tano, Mzee."

Nilikuwa na miezi minne kazini na bado naziamini karatasi. Akanyamaza kidogo. "Haya, binti. La tano."

Hiyo "haya" nimeigeuza kichwani kwa miaka. Kuna haya ya kukubali, kuna haya ya kuchoka, na kuna haya ya mtu anayekuachia ujionee.

Nilipofungua bamba la tano, skrubu ya kushoto ilikuwa na mikwaruzo kichwani, kana kwamba kuna bisibisi iliyoteleza hapo siku za nyuma. La sita na la saba skrubu zake zilikuwa safi. Ndivyo ninavyokumbuka. Inawezekana pia mikwaruzo hiyo nimeiongeza mwenyewe baadaye. Kumbukumbu ina tabia ya kujitafutia wakili.

Nikaitoa kadi kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha. Mkono mmoja umeshika uso wake wa mbele, mwingine umeibeba kwa chini, ubao wenyewe siugusi, viunganishi vya nyuma ndiyo kabisa. Nikafungua wenzo zote mbili, vile vishikio vya kuibania kadi kushoto na kulia, zikasimama wazi kama masikio. Nikapatanisha kingo na reli za pande mbili, nikaisukuma taratibu. Ikateleza vizuri, kwa sauti ya droo nzito. Kisha ikasimama, kama inavyotakiwa kusimama, pale ambapo viunganishi vya kadi vinakutana na pini za ubao wa nyuma.

Hapo ndipo panapohitaji adabu. Pini zile hazilingani urefu. Ndefu hugusa kwanza, ardhi na umeme. Fupi hugusa mwisho, na zikigusa ndipo swichi inajua kadi imekaa. Kati ya ndefu na fupi ni safari ya milimita chache, na unaikamilisha kwa kuzibana wenzo mbili kwa pamoja, kwa nguvu sawa, bila kusita na bila haraka.

Nikabana. Ya kushoto ikaja. Ya kulia ikaja nusu, ikagoma.

Haikuwa kugoma kwa ukuta. Ulikuwa mgomo wa ufunguo ulioingia kwenye kufuli ambalo si lake: umeingia wote, ila haugeuki. Na kulikuwa na kitu kidogo sana, mkwaruzo usio na sauti, uliopanda kutoka kwenye chuma hadi kwenye kidole gumba changu cha kulia. Feni zinanguruma, husikii hata mtu aliye pembeni yako, lakini kile nilikisikia.

Nikabana tena.

Mara moja tu. Sikutumia nguvu nyingi. Ni ile nguvu ya kufunga sanduku lililozidi nguo. Nilijiambia labda mkono wa kulia umechelewa, labda nimeiinamisha. Hayo yote nilijiambia huku nikibana.

Mkono wa Mzee ukatua begani kwangu. "Toa."

Nikatoa. Akaomba tochi, akainama, akachungulia ndani ya tundu kwa muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko usiku wote. Kisha akanipisha nami nichungulie. Pini zimepangwa safu kwa safu kama meno ya kitana, nyingi, nyembamba, zinameta. Na upande wa kulia, moja imelala, imemwegemea jirani yake kama mtu aliyesinzia kwenye basi. Basi, hicho tu. Kitu unachoweza kukipoteza chini ya ukucha. Ingemwegemea jirani mwingine, wa umeme, pengine chasi nzima ingezimika na jengo lingeamka bila mtandao.

Mzee hakusema neno. Akaichukua kadi, akaigeuza, akaanza kukagua kiunganishi chake tundu moja baada ya jingine kwa tochi. Wakati ule sikujua kwa nini. Ni kwa sababu jambo hili linaambukiza: pini iliyopinda huharibu kiunganishi cha kadi, na kadi iliyoharibika ukiihamishia tundu lingine, inakwenda kupinda pini za huko. Unaweza kuzunguka na kadi moja kwenye chasi nzima ukidhani unatafuta tundu zima, kumbe unayaharibu moja moja.

Kadi ilikuwa salama. Akaiingiza mwenyewe, tundu la sita. Wenzo zikafunga kwa mlio mmoja mdogo. Taa ikawaka rangi ya chungwa, kadi ikijipima yenyewe, tukasimama tunaitazama bila kuzungumza, halafu ikageuka kijani. Yaliyofuata yalikwenda haraka: kukaza skrubu, kuchomeka transiva zinazopokea nyaya za mwanga, kuvua vizibo vya vumbi, kisha nyaya zenyewe za faiba, na onyo lake la kila mara kwamba nisichungulie ndani ya porti kwa kuwa leza ile huioni lakini yenyewe inakuona. Bamba la tano likarudi mahali pake. Saa tisa na nusu tulikuwa tumeshamaliza.

Ripoti aliiandika yeye. Niliisoma juu ya bega lake: *Pini moja ya tundu la 5 imepinda. Tundu lisitumike. Kadi imewekwa tundu la 6.*

Imepinda. Hakuandika imepindwa. Lugha yetu ina huruma ya ajabu mahali hapo, inakuruhusu kueleza msiba mzima bila kumtaja aliyeuleta. Kikombe kimevunjika, pesa zimeisha, pini imepinda. Hakuniuliza. Nami sikumwambia kuhusu ule mkwaruzo, wala kwamba nilibana mara ya pili baada ya kuusikia.

Kama ilikuwa imepinda tangu zamani na alijua, kwa nini aliniachia? Kama hakujua, kwa nini alitaka la sita? Na kama aliyeteleza na bisibisi ile alikuwa yeye, basi tulisimama pale watu wawili, kila mmoja anamfichia mwenzake pini ile ile. Nilifanya naye kazi miaka sita zaidi kabla hajastaafu, tukakaa pamoja usiku mwingi kama ule, na nafasi za kuuliza hazikukosekana. Siku moja alikuwa akimfundisha kijana mpya kuingiza kadi. Akamwambia, "Ukisikia inakataa, ikubalie, itoe, uangalie." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Hakunitazama hata kidogo, na mimi nikaona kama amenitazama.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika mtoto aliporudi. Bangili iko mkononi mwake, si kwenye kifundo tena, na waya umeshikwa na mkono wa pili.

"Mama, imekatika."

Nikaipokea. Ni kweli, umekatika pale unapoungana na kitufe. Nikaugeuzageuza chini ya taa. Plastiki ya mahali hapo ilikuwa imepasuka na kuwa nyeupe. Huenda ni miaka ya kukaa droo, huenda ni mlango alioufunga juu yake kama anavyofanya na kila kitu. Amesimama mbele yangu, anasubiri swali.

"Haya," nikamwambia.