Leo tumeishusha sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini

Nimetoka chini ya pikapu jioni hii, mikono ingali myeusi kwa oili, na moyo umetulia.

Gari letu la dizeli, linalobeba ndizi kutoka Rungwe kwenda Mbeya mjini, lilikuwa likiacha doa la oili kila lilipoegeshwa. Tuliwahi kuambiwa kwamba ni sili ya nyuma ya krenki, pete inayozuia oili isivuje nyuma ya injini, na kuibadilisha ni kazi inayolazimu kushusha giaboksi.

Fundi wangu hakukubali haraka. Aliosha injini yote, akaikausha, akaiwasha, kisha akamulika tochi kuanzia kwenye kava la valvu, juu kabisa ya injini, kwa kuwa oili huteremka na kudanganya macho. Juu kulikuwa kukavu kabisa. Unyevu ulianzia kwenye ukingo wa sampu.

Tulipoishusha, niliona jambo lililonisikitisha: kila penye tundu la boliti, bati lilikuwa limebonyea, kwa sababu aliyeifunga zamani alikaza kwa nguvu zote akidhani kwamba kukaza ndiko kuziba.

Fundi aliulaza ukingo ule juu ya gogo, akaugonga taratibu, akiupima kwa rula ya chuma mpaka mwanga usipenye chini yake. Ndipo akakwangua gasketi kuukuu, kizibo chembamba kinachokaa kati ya sampu na injini, akapaka silikoni, gundi ya kuziba, mstari mwembamba unaopita upande wa ndani wa matundu, akakaza boliti kwa zamu, na akakataa katakata kutia oili kabla silikoni haijakauka. Tutatia kesho asubuhi.

Ndugu mafundi na madereva, ninyi kwenye sampu za dizeli hutumia gasketi au silikoni tupu? Niandikieni hapa chini.