Nilivyofuatilia jina la Expósito, ukoo wa mume wangu

Huku Hispania mtoto anabeba majina mawili ya ukoo, kwa kawaida la kwanza la baba, la pili la mama, na mama hata akiolewa habadilishi lake. Kwa hiyo mwanangu ni Expósito kwa babake halafu linafuata jina la babu yangu wa Pangani. Mwaka jana shule wakampa kazi ya kuchora mti wa ukoo, upande wangu tukajaza chap maana kwetu jina lenyewe ndo ukoo, wewe, baba, babu, unaenda tu. Upande wa babake tukakwama. Baba mkwe kila nikimuuliza anageuza stori, mara mizeituni mara mpira, nikajua hapa kuna kitu kinauma.

Majina mengi ya Kihispania hayana fumbo kubwa. Yanayoishia na -ez ni mtoto wa fulani, Fernández wa Fernando, Rodríguez wa Rodrigo, kama bin ya kwetu tu. Mengine ni kazi, Herrero ni mhunzi. Sasa Expósito limetoka kwenye Kilatini, expositus, aliyewekwa nje, ndo jina walilokuwa wanaandikiwa watoto wachanga walioachwa kwenye nyumba za kulelea. Kulikuwa na kitu kinaitwa torno, sanduku la mbao limejengwa ndani ya ukuta linazunguka, mtu anamweka mtoto upande wa barabarani usiku, anagonga kengele, linazungushwa mtoto anatokea ndani, na aliyemleta hakuna anayemwona sura. Mume wangu ana miaka arobaini na kitu na alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote kwao.

Kwa wanaotaka kufanya kama mimi, anzeni na vyeti vya kuzaliwa, na ombeni kile kirefu wanaita literal, ule muhtasari hauna kitu, ila literal inaandika mpaka babu na bibi pande zote mbili. Unaomba mtandaoni bure. Nikaanza na cha baba mkwe, kikanipa jina la babake, cha babake kikanipa babu, hivyo hivyo nikashuka mpaka mtu aliyezaliwa 1884, na kwake pale kwenye babu na bibi wa upande wa baba pameandikwa hawajulikani. Basi nikajua babake ndo yule mtoto wa ukutani.

Tatizo usajili wa serikali umeanza 1871, kabla ya hapo ni vitabu vya parokia. Nikapata ndoa ya huyo mtoto wa ukutani kwenye vitabu vya parokia, mwandiko kama nyayo za kuku, nilikaa nao wiki nzima nikikuza picha kwenye simu, na padri wa zamani ameandika kwamba bwana harusi ni mtoto wa Casa Cuna ya Sevilla, yaani nyumba ya kulelea watoto walioachwa. Hizo nyumba karne ya 19 zilikuja kuwa chini ya serikali ya jimbo, Diputación, kwa hiyo kumbukumbu zake ziko kwao na wala si kanisani, hapo wengi wanapotea. Nikawaandikia imeili na jina na mwaka wa kukadiria, wiki tano nikanyamaza, ya sita wakanitumia skani.

1857, Februari, saa nne usiku. Mvulana, kama siku mbili, amevaa shati la kitambaa chakavu na kilemba cheupe, mkononi amefungwa utepe wa bluu. Amebatizwa kesho yake.

Ule utepe ulinitoa machozi. Wazazi walikuwa wanaacha alama kama hizo ili siku wakirudi wamtambue mtoto wao, mwingine medali, mwingine nusu ya karata. Huyu hakurudiwa.

Nikampelekea baba mkwe karatasi na nikamweleza jambo ambalo naona ndo lilikuwa linahitajika zaidi, kwamba mfalme Carlos wa Nne alishatangaza 1794 watoto hawa wahesabiwe halali na anayewatukana aadhibiwe. Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, “Mwanangu, babu yangu aliambiwa aliondoe jina hili bure, akakataa.” Na kweli, 1921 ilitoka sheria ya kuwaruhusu kulibadilisha bila malipo, maana watu walikuwa wanachekwa nalo sana, na huyo mzee wa 1884 akasema jina alilopewa na babake haliachi.

Ukurasa wa pili wa skani ni malipo ya mama aliyemnyonyesha, mwezi kwa mwezi, na kijiji chake kimeandikwa. Malipo yakafika mwisho lakini mtoto hakurudishwa, alibaki naye. Baba mkwe ndo ananisumbua sasa hivi, kila siku anapiga simu kuuliza tunaenda lini hicho kijiji, anataka kujua huyo mama amezikwa wapi. Tumepanga Jumamosi hii, parokia ya pale hufunguliwa asubuhi tu.