Dogo, korosho na lile faili

Juzi dogo katuma korosho ghafi kwa basi, na maganda yake, nikasema ngoja nizichome mwenyewe kwenye bati nyuma ya nyumba, basi moshi ule wa mafuta ya ganda uliponipanda puani nikajikuta niko Mikindani, usiku wa kuhangaika kujenga ile programu ya mizani kwenye laptopu.

Laptopu ilikuwa ileile isiyo na kitufe cha W. Bando limekata, nikamwandikia dogo anwani kwenye karatasi nikamtuma mjini, kwenye kafe, akanidaunlodie sosi kodi, yaani maandishi ya programu kabla haijajengwa, aje nayo kwenye flashi. Karudi na daladala magharibi, kazipu kamoja tu. Nafungua, naandika ./configure, ile skripti ya kuiandaa programu ijengwe, teminali inajibu hakuna faili kama hilo. Naandika make, amri ya kuijenga, nayo inasema haioni makefile, faili la maelekezo yake. Nikaandika ls, ya kuorodhesha mafaili, mara kumi sijui, kana kwamba faili litaona aibu lijitokeze.

Dogo kasimama mlangoni anakula ming'oko, pilipili imemjaa vidoleni.

"Umefuta faili."

"Sijafuta kaka, nimebonyeza palepale ulipoandika."

"Basi umechomoa flashi haijamaliza."

Hakujibu. Kajifuta vidole kwenye kaptula, kaja kaichomoa flashi taratibu, kaigeuza kwenye mwanga wa koroboi, akaipuliza. Akairudisha. Kule uani bati la mama likalipuka moto, mafuta ya korosho hayo, mama akalimwagia mchanga huku anapiga kelele mwacheni mtoto ale. Nami nikaendelea kufoka tu.

Asubuhi nikasoma README, lile faili la maelezo linalokuja na programu, mstari kwa mstari, kitu ambacho ningefanya jana yake. Kumbe configure hakuna aliyeifuta, haijatengenezwa bado. Wenye programu wanaandika configure.ac na Makefile.am kwa mkono, halafu autoconf inatoa configure, automake inatoa Makefile.in, na configure ukiiendesha ndo inakupa Makefile yenyewe. Ukichukua tarboli, yaani furushi la toleo rasmi, unakuta kila kitu kimeshapikwa, ukichukua zipu ya kwenye hazina yao, kule wanakoiweka kodi wakiwa bado wanaiandika, unapika mwenyewe, ./autogen.sh, nayo niliiona usiku kucha nikairuka! Nikaiendesha, ikasema autoreconf haipo, ile inayoziita autoconf na automake. Bando tena, autoconf, automake, libtool, ndo mistari ya "checking for gcc" ikaanza kuteremka, configure inafanya kazi.

Na ile anwani ya hazina badala ya tarboli niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu.

Dogo karudi kutoka shule kauliza, "Faili ulilipata?" Nikamwambia ndiyo. Hakuuliza lilikuwa wapi.

Jana nimempigia kumshukuru kwa korosho. Neno likafika kwenye ulimi kabisa, nikaishia kumuuliza mnadani wanauza kilo shilingi ngapi.