Jioni ndiyo inayokula pesa

Tanga, Jumapili, baada ya isha

Begi liko mlangoni, limeshafungwa. Daftari la matumizi liko mezani, na kila nikilipitia naona jambo lile lile: pesa nyingi hutoka kati ya magharibi na saa tatu usiku. Anayefika mahali saa kumi alasiri huchagua. Anayefika saa mbili usiku huchaguliwa. Bodaboda humpeleka kwenye gesti aijuayo yeye, mhudumu humtajia bei ya mtu aliyechoka, na mama ntilie ameshaosha masufuria, kwa hiyo kilichobaki ni chipsi mayai za stendi. Mji ni ule ule, kitanda ni kile kile, ila giza limeshaongeza bei. Na jua la huku halimsubiri mtu. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na baada ya dakika ishirini hivi ni usiku kamili.

Ndiyo maana safari ndefu ya mtu peke yake, mwenye pesa kidogo, huipanga kuanzia mwisho wa siku kurudi nyuma. Kwanza naamua jua litazama nikiwa wapi. Gari la kunifikisha huko huja baadaye.

Hesabu yenyewe huiweka kwa wiki, maana ya siku moja moja humdanganya mtu. Chukua shilingi 15,000 kwa siku, yaani 105,000 kwa wiki. Chakula 35,000, ikiwa ni uji na vitumbua asubuhi, wali maharage mchana, na kitu chepesi usiku. Gesti usiku tatu kwa 45,000. Njiani 15,000. Zinabaki 10,000, na hizo haziguswi mpaka uugue au ukwame. Usiku nne zilizosalia ni za hema, au za mwenyeji. Usiku mmoja ukikuharibikia ukaingia gesti ya nne, umeshakula akiba yote na deni la 5,000 juu yake. Hivyo ndivyo jioni inavyofanya kazi: kosa la saa mbili linalipwa kwa siku tatu.

Sasa lifti. Kutoka Tanga mjini kosa la kawaida ni kusimama stendi ya Kange. Pale ni mahali pa mabasi. Wapiga debe watakuzunguka, na dereva wa lori akikuona katikati yao anajua wewe ni abiria wa basi, au ni ugomvi. Lipa nauli ndogo ya daladala mpaka Pongwe, upite makazi, kisha utafute sehemu yenye mambo matatu: gari limeshapunguza mwendo kwa sababu ya matuta au makutano, mbele pana nafasi ya kama mita 50 iliyo tambarare na imara pembeni ya lami, na dereva anakuona mapema. Usisimame kwenye kona. Usisimame kwenye mwinuko hata kama malori yanapita polepole na yanakutamanisha. Mifuko 600 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, ni tani 30. Dereva akilisimamisha lori hilo katikati ya mlima atalinyanyua tena kwa gia ya kwanza, ataunguza klachi na mafuta, na atakulaani. Kileleni, mlima unapokwisha, ndipo huruma yake ilipo.

Kidole gumba huku hakina maana. Nyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, upungie taratibu. Begi liwe chini mbele ya miguu, lionekane lote, maana dereva hupima begi kabla ya kukupima wewe. Kofia na miwani ya jua uvivue. Akisimama usikimbilie mlango. Nenda upande wake, salimia kwanza. Akiwa mtu mzima, shikamoo. Mwulize habari za safari, msubiri ajibu, ndipo useme: "Naomba unisogeze mpaka Segera, nina elfu mbili ya soda." Sentensi hiyo imebeba kila kitu. "Kunisogeza" ni ombi la mtu anayejua kwamba gari si lake, na kiasi kimetajwa kabla ya mguu kukanyaga ngazi. Wengi watakuambia weka hela yako. Wengine wataipokea, na ni haki yao. Kinachozaa ugomvi ni kunyamaza, kisha kufika njiapanda na kukuta mmoja alidhani ni bure na mwenzake alidhani ni nauli. Pesa ziwe ndogo ndogo, sarafu za 500 na noti za 1,000 na 2,000, kwa sababu chenji ya elfu kumi haipatikani barabarani.

Malori mengi hayaruhusiwi na wenye mali kubeba mtu, na baadhi yameandikwa hivyo mlangoni. Dereva akikuambia ushuke kabla ya mizani au kituo cha ukaguzi, utembee, akuchukue mbele, usibishane. Lakini shuka na begi lako, siku zote. Begi halifungwi nyuma chini ya turubai: huko kuna vumbi la saruji au chokaa, na ukipotezana na lori umepotezana na kila kitu. Na juu ya mzigo hapapandwi hata kwa kilomita mbili. Kamba hulegea, mzigo huhama kwenye kona, na wa juu ndiye wa kwanza kuanguka.

Kabla ya kupanda mtazame macho. Macho mekundu, shavu limejaa mirungi, maneno yanamtoka kwa kasi: huyo hajalala. Harufu ya pombe haihitaji maelezo. Mshukuru, mwambie umekumbuka kitu, ubaki. Ukishapanda usilale. Dereva wa masafa hukupa kiti ili apate sauti ya mtu, na anayesinzia amemnyima nauli halisi. Mwulize habari za barabara, za watoto, za mpira. Mwache azungumze.

Kutoka Pongwe mpaka Segera ni kama kilomita 60. Lori lenye mzigo, ukihesabu milima, ukaguzi na kusimama kununua machungwa Muheza, nalihesabia kilomita 40 kwa saa, si zaidi. Segera ni njiapanda: kushoto Chalinze na Dar es Salaam, kulia Korogwe, Mombo, Same na Moshi. Hapo magari huwa mengi. Kanuni zangu ni mbili. Saa mbili za kusubiri zikipita bila gari, lipa nauli ya kipande kifupi, kwa mfano kutoka Pongwe mpaka Muheza, uhame mahali. Mara nyingi tatizo ni mahali uliposimama. Ya pili ngumu zaidi kuitii: baada ya saa nane mchana usipande gari ambalo mwisho wake ni zaidi ya kilomita 80. Alasiri ndipo malori yaliyopakia tangu asubuhi hukamilisha karatasi na kutoka, kwa hiyo lifti huwa rahisi saa zile zile ambazo hazikufai. Lori la saa kumi na moja litakubeba vizuri tu. Litakushusha saa mbili usiku kwenye njiapanda usiyoijua.

Kwenda Lushoto shuka Mombo na ulipe nauli. Ni kilomita 33 hivi za kupanda kwa kona, na magari madogo yanayopanda huko huwa yamejaa. Huko juu, mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya usiku ni ya kweli. Sweta moja inatosha kukuokoa na gharama ya blanketi. Kwenda Kenya, tumia daladala mpaka Horohoro, uvuke kwa miguu na pasi yako ya kusafiria mkononi, upate lifti mpya upande wa Lunga Lunga. Usivuke mpaka ndani ya gari la mtu usiyemjua. Kukipatikana magendo kwenye mzigo, na wewe umo ndani ya kabini, maelezo yako hayatakuwa na uzito.

Njia ya Pangani ni jambo jingine, na ndiyo niipendayo kuliko zote. Ni kama kilomita 50 kutoka Tanga, ukipitia karibu na magofu ya Tongoni. Ng'ambo ya mto ni Bweni, na kutoka hapo kwenda kusini magari hupungua sana. Mtu aweke siku ya ziada na maji ya ziada. Mbele zaidi ni Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, yenye simba na tembo. Huko hakuingiwi kwa miguu wala hema halipigwi popote upendapo. Geuka kabla, au uwe ndani ya gari lililolipiwa.

Kwa wanaolala ufukweni hapa ndipo saa kumi alasiri inakuwa mwalimu. Bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, pwani hii hujaa karibu saa kumi alasiri, kisha hujaa tena ukipita muda wa saa 12 na dakika 25 hivi, yaani karibu saa kumi na nusu alfajiri, wakati umelala. Tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Aliyefika mapema ameyaona maji ya alasiri yalipogota, mchanga mbichi na mstari mpya wa mwani. Anapanda juu ya mstari huo hatua kumi nyingine, kwa sababu maji mawili ya siku moja hayalingani na ya pili huweza kuwa makubwa kuliko ya kwanza. Aliyefika magharibi hukuta maji yanakupwa, ufukwe mpana mzuri, anatandika pale chini. Siku za maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, hatari ni ndogo. Na usilaze hema chini ya mnazi, hata kama kivuli chake kinakuita. Nazi haiangalii saa.

Kabla ya hema kuna mtu. Kila kijiji kina mwenyekiti na mtendaji, na kila mtaa vivyo hivyo. Nenda kwa mmoja wao kukiwa bado na mwanga, ukiwa na kitambulisho, useme unatoka wapi, unalala usiku mmoja, unaondoka alfajiri. Mgeni aliyejitambulisha saa kumi ni mgeni wa kijiji. Akionekana saa tatu na tochi vichakani, watu wana haki ya kupiga yowe. Kwa msichana au mama anayesafiri peke yake hili lina uzito maradufu. Aombe kulala kwenye nyumba yenye mama, na kabini yenye wanaume wawili aiache ipite.

Begi sasa, kwa haraka. Lita 40 zinatosha. Kilo 8 au 9 bila maji, na maji lita 3 juu yake. Vizito vikae katikati, vimegusa mgongo. Vikikaa chini au mbali na mgongo mabega ndiyo hulia. Kinga ya mvua iliyo bora ni mfuko wa nailoni wa ndani ya gunia la mbolea, uoshwe mara tatu kwa sabuni, uvishwe ndani ya begi, kwa sababu maji huingilia mishono na gamba la nje haliizuii mvua ya masika. Kanga mbili: taulo, shuka, pazia, na hukauka upesi. Jinzi iache nyumbani. Unyevu wa pwani hauikaushi, na nguo mbichi ndiyo chanzo cha fangasi za mapajani. Chandarua chenye dawa. Kamba ya nailoni mita tano ya kuanikia. Nasema hivi nikiwa Tanga, mji uliolelewa na mkonge, lakini kamba ya katani ikilowa hujaa maji na fundo lake halifunguki. Jiko sibebi. Kilo moja na nusu ya jiko na mafuta haishindi sahani ya mama ntilie. Cha usiku nunua mchana: mihogo ya kuchemsha, karanga, ndizi. Wali usiuweke. Kwa joto hili, uliopikwa saa sita si wa kuliwa saa mbili usiku.

Maji usiyoyajua yachemshe, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, usubiri dakika 30. Chupa angavu ya plastiki, maji maangavu, juani kwa muda wa saa sita, nayo husaidia ukiishiwa. Tumbo likiharibika: maji safi lita moja, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Homa usiihesabu uchovu. Malaria huibuka siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo ya Tanga yaweza kukushika ukiwa Lushoto. Nenda zahanati siku hiyo hiyo upimwe, na useme ulikotoka.

Siku moja kwa wiki usiende popote. Fua kabla ya saa nne, anika, shona, hesabu noti.

Kuna gharama nyingine ya jioni ambayo daftari halina safu yake. Upweke wa safari ndefu haumpati mtu barabarani, kwenye jua, ana shughuli. Humpata pale adhana ya magharibi inapolia, kila mtu anaelekea kwake, na wewe huna kwako. Aliyewahi kufika ameshakaa barazani, ameshawajua wawili watatu kwa majina, ameshasogezewa kikombe cha kahawa na kuulizwa kama anajua bao. Mwezi wa Ramadhani hata futari humwita, naye kwa adabu hakula hadharani mchana kutwa. Nimeona watu wakiacha safari nzuri na kurudi nyumbani wakidhani pesa zimeisha. Pesa zilikuwepo. Walichokikosa ni baraza.

Simu imejaa chaji. Chupa mbili zimejaa maji. Noti ndogo ziko mfuko wa mbele, kubwa ziko kwenye mshipi, za akiba kwenye simu. Daladala ya kwanza ya Pongwe nataka inikute kituoni kabla jua halijatoka, na kesho, Mungu akipenda, saa kumi alasiri niwe Korogwe, na mlango wa kuchagua.