Amplifaya nimeificha chini ya siti

Jamani hatimaye nimepata pa kuificha amplifaya (ile mashine ya kuupa muziki nguvu) ya gari yangu, Toyota IST! Kwenye buti sikutaka, ukifungua tu kila mtu kaiona na gari yangu inalala nje. Fundi akataka kuibana nyuma ya sabufa nikakataa, pale haipumui, ikipata moto inajizima. Basi tumeifunga chini ya siti ya abiria wa mbele, tukapima kwanza siti isogee bila kuigusa, waya wa betri umepita kushoto chini ya kapeti na fyuzi yake iko karibu kabisa na betri, nyaya za RCA, zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, zimepita kulia ili spika zisivume, na waya wa hasi tumekwangua rangi ya bodi ukashika bati tupu. Jana usiku nimeweka taarabu ya zamani, besi imetulia, na nje huoni kitu.